Mabeki Wangu Wawili Walipohama

Vijana mnaokuja kunisalimia hapa Kiseke, Mwanza, wengi wenu mnaisomea darasani hii kazi ya kuchua misuli ya wachezaji, na mimi nafurahi sana. Sisi tuliisomea chini kwenye majani, mikono imejaa mafuta. Mkishanipa shikamoo na kunywa chai, swali lenu huwa lile lile: Mzee Lukasi, mchezaji mkongwe anachuliwaje?

Usianze na pale panapomuuma. Anza na kisigino. Panda polepole mpaka kwenye shavu la mguu, mwili wake ukuzoee, na muda huo mwache aongee. Kijana ukimgusa tu msuli unalegea. Aliyevuka miaka thelathini amejifunza kujikaza. Amewaficha makocha maumivu yake miaka nenda rudi, na wewe atakuficha vilevile. Ukimuuliza goti, atakwambia zima. Basi muulize habari za nyumbani, mama anaendeleaje, mihogo imeota, halafu mtazame usoni wakati kidole kinapita kwenye goti. Uso utakujibu.

Hayo nilifundishwa na marehemu Mzee Tibenda, tabibu wa zahanati ya kiwanda chetu. Kiwanda kilikuwa cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, na timu yake ikaitwa Kamua. Mimi nilikuwa mfagiaji wa zahanati. Mzee Tibenda ndiye aliyekuwa anakaa benchi na mkoba wa dawa, mpaka siku moja akanikabidhi mkoba ule akisema magoti yake yamechoka kukimbilia magoti ya wenzake. Tangu hapo wachezaji wakaniita Dokta. Mke wangu alikuwa akicheka kila akilisikia jina hilo, maana nyumbani hata mwiba ulioniingia mguuni alikuwa ananitoa yeye.

Dawa yetu ya kuchua siku hizo ilikuwa ya kopo, kali kama pilipili kichaa. Kipa wetu mmoja, mtu wa haraka sana, aliichota mwenyewe nilipogeuka, akajipaka mapajani mpaka juu kabisa, kule ambako dawa haitakiwi kufika. Mpira ukaanza, jua likawaka, jasho nalo likaichukua dawa likaitembeza. Basi mpira uko goli la upande wa pili, na kipa wetu anarukaruka peke yake langoni kama anakanyaga makaa. Mashabiki wakampigia makofi, wakidhani anapasha mwili. Akanyoosha mkono kuomba kutoka. Kopo lile toka siku hiyo lilihamia mfukoni mwangu, na ninyi nawaomba mfanye hivyo hivyo.

Lakini leo sikusudii kuongelea dawa. Nataka niwaeleze habari za Faustine na Mabula, kwa sababu juzi mmoja wenu, nafikiri ni yule wa Mkolani, alisema mchezaji akihama timu uzeeni anakuwa ameishiwa. Nilinyamaza kwa sababu palikuwa na wageni. Sasa nisikilizeni.

Hawa wawili walikuwa mabeki wa kati wa Kamua. Faustine alikuwa Mhaya wa kule Muleba, mrefu, msafi, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Mabula alikuwa Msukuma wa Magu, mpana, mpole nje ya uwanja, na kichwa chake kilikuwa kigumu kwa mpira na kwa maneno pia. Walicheza bega kwa bega tangu hawana ndevu. Mmoja akipanda, mwenzake anabaki bila kuambiwa. Kwenye kona walikuwa na mtindo wao: Mabula anavuta soksi ya kushoto, maana yake anakwenda kwenye nguzo ya karibu, na Faustine anatangulia kumzuia beki wa watu ili Mabula apate nafasi ya kuruka. Walifunga magoli mengi kwa namna hiyo. Sisi wa benchi tulikuwa tunaijua, na hakuna aliyeitoa nje.

Halafu ikaja miaka ile ya tisini, mashirika yakaanza kuuzwa. Neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu pale kiwandani ni mwekezaji. Leo tunaambiwa mwekezaji yuko Dar es Salaam, kesho tunaambiwa ameshafika, anakagua mitambo. Mashine moja ikasimama, ya pili ikafuata, watu wakaanza kupunguzwa. Timu ilibaki na jezi zilizofifia rangi mpaka mwamuzi mmoja akatuuliza kama ni nyekundu au ni za waridi. Wakati huohuo upande wa ziwani viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa, na kimojawapo kikaanzisha timu. Mashabiki waliiita Minofu, na jina likashika.

Faustine alikuwa fundi wa mitambo. Alipunguzwa kazi, akaambiwa na nyumba ya kiwanda aiachie. Minofu wakamfuata. Walimpa kazi kwenye chumba chao cha baridi, na wakamwambia aje awe baba wa mabeki wao, wote walikuwa watoto.

Aliyasema haya akiwa amelala kifudifudi kwenye magunia ya stoo yetu, mimi nikiwa kwenye kisigino. Mabula alikuwa kwenye gunia la pembeni akisubiri zamu.

"Dokta, nahama," Faustine akasema.

Mabula akainuka akakaa. "Unahamia wapi?"

"Minofu."

"Unakwenda kuchezea samaki?"

"Naenda kucheza mpira. Hapa tuna mipira miwili, na mmoja unavuja."

"Hapa kuna watu," Mabula akasema. "Mwekezaji akija atachukua kiwanda na timu yake. Utamwambia nini siku hiyo?"

Faustine akageuza uso, shavu likiwa kwenye gunia. "Mabula, mtu huyo anakuja kununua mashine. Nani ananunua beki wa miaka thelathini na nne?"

"Mimi nabaki."

"Baki. Mimi nina watoto wa kuwahamisha kwenye nyumba ya watu, waitu, ndugu yangu."

Mabula akavaa shati lake akatoka bila kuchuliwa. Hawakuongea tena. Wake zao waliendelea kusalimiana na kupeana chumvi, lakini wanaume wakawa kama watu wasiojuana. Mtaani mmoja akimwona mwenzake anakuja, anakumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Mimi nilibaki katikati, kwa sababu ya goti. Goti la Faustine, la kulia, lilikuwa linajaa maji. Na sasa mtu wa goti hilo anafanya kazi kwenye chumba cha baridi kuanzia asubuhi! Minofu walikuwa na kila kitu, viatu vipya, basi lao wenyewe, lakini hawakuwa na mchua misuli. Kwa hiyo Faustine akawa anakuja nyumbani kwangu Jumapili baada ya misa, ananiletea barafu ya kiwandani kwenye ndoo. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ya barafu, vijana. Zamani sisi mguu uliovimba tuliukanda na maji ya moto, na ulizidi kuvimba, nasi tukazidi kuukanda. Ile barafu ya samaki ilinionyesha kwamba kilichovimba leo kinataka baridi, moto uje baadaye. Na ukumbuke kuweka kitambaa katikati, usiunguze ngozi ya mtu.

Viongozi wa Kamua walipopata habari waliniita. Kwa nini namtibu adui? Nikawajibu kwamba mtu akija kwangu huwa ameshavua jezi. Wakatazamana, wakaniacha.

Siku moja namchua Mabula stooni, akanusa.

"Taulo hii inanuka sangara, Dokta."

Nikaendelea na shavu la mguu. Nilipopanda hadi nyuma ya goti, akauliza:

"Goti lake likoje?"

"Linajaa maji. Nikiyatoa leo, wiki ijayo yamerudi."

Akageuzia uso ukutani. "Mwambie asilale amelikunja. Anapenda kulala amejikunja kama mtoto. Kambini nilikuwa namnyoosha mimi."

Jumapili nilimfikishia Faustine maneno hayo, bila kusema yametoka kwa nani. Akacheka kidogo, halafu akashika taulo akajifunika uso, nami nikajifanya nashughulika na ndoo.

Msimu ukafika mwisho, na kama mambo yanavyopenda kutokea, mechi ya mwisho Kamua ikapangiwa Minofu. Sisi tulihitaji kushinda tu. Suluhu ilikuwa inatushusha daraja, na timu ya kiwanda kinachouzwa ikishuka, hairudi. Kila mtu alijua hilo. Wanawake wa pale kiwandani walifunga vibanda vyao vya mboga wakaja uwanjani. Hata mzee wetu wa geti, ambaye hakuwahi kuliacha geti, alikuja na kufuli mkononi.

Baadaye sana, mchezaji mmoja wa Minofu alinisimulia yaliyotokea kwao asubuhi ile. Kocha wao aliwakalisha, akamgeukia Faustine. "Mzee, wewe ndiye uliyetoka kule. Kona zao wanachezaje? Alama zao ni zipi?"

Faustine akamjibu kwa adabu. "Kocha, mimi leo nitakuchezea kwa nguvu zangu zote. Lakini mambo tuliyopangana nyumbani kwetu sikuhama nayo."

Kocha alikasirika, akafikiria kumweka nje. Hakuwa na beki mwingine mwenye umri wa kutuliza wenzake, akampanga.

Mechi yenyewe ilikuwa ngumu. Faustine akigusa mpira, jukwaa letu lote linapiga kelele, msaliti, mla minofu, na maneno mengine ambayo siwezi kuyasema mbele ya wajukuu. Mabula alicheza kama watu wawili. Mpaka inakaribia mwisho hakuna aliyefunga, na hapo tukapata kona.

Mabula akapanda. Nilimwona akiinama, akavuta soksi ya kushoto. Nikainuka benchini, kwa sababu pale langoni, mbele ya Faustine, ndiyo alama ile. Nikatazama wachezaji wa Minofu. Hakuna aliyesogea nguzo ya karibu. Wote walikwenda nyuma, kumkaba mshambuliaji wetu mrefu. Akabaki Faustine peke yake, na goti lake.

Mpira ukaja. Mabula akakimbia, akaruka, na Faustine akaruka naye. Sijawahi kuona mtu wa goti lile akiruka namna ile. Akaugusa kwa kipaji cha uso, mpira ukapita juu ya mwamba, ukaenda nje. Wote wawili wakaanguka chini.

Mabula hakuinuka. Msuli wa shavu la mguu ulikuwa umekaza kama jiwe, nikauona kutoka benchi. Nikashika mkoba nikakimbia. Nilipofika, nikakuta Faustine ameshapiga goti moja, lile zima, amemshika Mabula kisigino, ameuinua mguu wake juu na anausukuma unyayo taratibu. Uwanja mzima unamtukana, yeye anahesabu pumzi na mwenzake.

"Vuta hewa. Usijikaze. Toa."

Mabula akamtazama kutoka pale chini. "Uliiona soksi."

"Niliiona."

"Kwa nini wenzako hawakuja nguzo ya karibu?"

Faustine akaendelea kusukuma unyayo. "Wangejuaje?"

Mabula akawatazama wale vijana wa Minofu waliokuwa bado wamejazana kule nyuma, akamtazama tena Faustine. Alikuwa ameelewa. Akafumba macho, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni, nami nikamwagia maji usoni ili watu wasione.

"Ungeniacha nifunge," akasema.

"Ningekuacha, ungeniheshimu?"

"Hapana."

"Basi. Inuka tumalize."

Dakika zikaisha bila bila. Kamua tukashuka daraja. Wanawake walikuwa wanalia, vijana wetu wanaokota mawe, na watu walikuwa wamejipanga getini wanamsubiri Faustine. Mabula alikuwa nahodha wetu siku hiyo. Alikwenda mpaka kwenye benchi la Minofu, akamshika Faustine begani, wakatoka pamoja wanachechemea, mmoja kwa goti, mwingine kwa shavu la mguu. Watu walipomwona nahodha wao ameshikana naye wakafungua njia. Mawe niliyasikia yakidondoka chini moja moja.

Mwekezaji akaja kweli. Alichukua mashine, uwanja wetu ukawa mahali pa kupanga mapipa. Kuhusu timu hakuuliza, na sidhani kama alijua ilikuwepo. Mabula alikaa msimu mzima bila mpira. Alilima bustani yake, akanenepa, akawa hataki kupita karibu na uwanja wowote. Faustine alimwombea nafasi Minofu, wakamwambia mkongwe mmoja anawatosha. Mwishowe timu moja ndogo ya Sengerema, ng'ambo ya ghuba, ikamchukua Mabula. Ligi ya huko ilikuwa ya chini kabisa. Uwanja ulikuwa na mteremko, na kipindi cha pili ng'ombe wakirudi kutoka malishoni mwamuzi anasimamisha mchezo wapite.

Nusu ya msimu haijaisha, Faustine akaenda kwa bosi wa Minofu kuaga. Anahamia Sengerema.

Mji mzima ulimshangaa. Aliyetoka Kamua kwenda Minofu alieleweka, tumbo lina haki yake. Lakini kutoka Minofu, kwenye basi na viatu vipya, kwenda kucheza na kupisha ng'ombe? Hata mimi nilimuuliza, nikiwa kwenye kisigino kama kawaida.

"Dokta," akasema, "kule Minofu nacheza nikipiga kelele dakika zote. Panda, rudi, wako, wangu. Watoto wazuri, lakini nachoka koo kuliko miguu. Mimi nimebakiza mpira kidogo sana. Nataka niucheze na mtu ambaye sihitaji kumwambia kitu."

Bosi wake alikuwa mtu mwelewa. Kazi alimwachia, ila akamtoa chumba cha baridi akamhamishia getini, kwenye jua. Na kila Jumamosi akaruhusu tuchukue barafu, sanduku zima, ya goti. Basi Jumamosi ikawa ni sisi watatu tunavuka na pantoni, mimi na mkoba, wao na viatu vyao kwenye mfuko wa plastiki, sanduku la barafu miguuni mwetu likivuja. Akina mama wachuuzi wa dagaa walitaka kulinunua kila safari. Tulikuwa tunawaeleza kwamba ni dawa, wanacheka, wanasema hawajawahi kuona dawa inanuka samaki.

Walicheza msimu mmoja na nusu. Hawakupandisha timu daraja wala hawakuandikwa popote. Mechi ya kwanza walifungwa matatu, na nikawasikia wakicheka hapo hapo uwanjani, mpaka kipa wao akawauliza kwa hasira kuna nini cha kuchekesha. Mabula akamjibu, "Kijana, subiri uzeeke." Lakini baada ya wiki kadhaa timu zikaanza kuogopa kupita katikati. Hawakuwa na mbio hata kidogo. Walikuwa wanajua tu mpira utafika wapi, wanakwenda kuusubiri huko.

Kwa hiyo wewe wa Mkolani, ukimpata mkongwe kwenye meza yako, amehama timu na watu wanamsema, usimwulize kwa nini alihama. Shika kisigino. Atakwambia mwenyewe akiwa tayari, au hatakwambia, na bado utakuwa umemsaidia.

Mechi yao ya mwisho ilikuwa ya kawaida kabisa, walitoka sare ya moja kwa moja. Nilimfunga Faustine barafu, tukateremka mpaka kivuko cha Kamanga, tukaingia kwenye pantoni. Jua lilikuwa bado liko juu. Tulikaa kwenye benchi la pembeni, Faustine katikati, na kabla hatujafika mbali alikuwa ameshalala, kichwa begani kwa Mabula. Mabula akauchukua mguu wa kulia wa mwenzake, akaunyoosha taratibu juu ya sanduku, akauweka sawa. Kisha akawa anatazama maji.

Tulipofika Mwanza watu wakaanza kushuka, mbuzi, baiskeli, magunia, fujo kama kawaida. Nikanyoosha mkono nimwamshe Faustine. Mabula akaweka kidole kwenye midomo yake.

Pantoni ikawa tupu. Mfanyakazi mmoja akaja na kamba begani, akapaza sauti. "Wazee wangu, tumefika!"

"Tumekusikia, baba," Mabula akamjibu kwa sauti ya chini. "Mwache kidogo."